Grace Hopper

Grace Brewster Murray Hopper (New York, 9 Desemba 1906 – Arlington, Virginia, 1 Januari 1992) alikuwa mwanahisabati, mtaalamu wa kompyuta na ofisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani. Anakumbukwa hasa kwa kompaila za mwanzo alizotengeneza na kwa mchango wake katika kuzaliwa kwa lugha ya programu ya COBOL.

Maisha ya awali

Akiwa na umri wa miaka 7 alifungua saa za kengele zote saba za nyumbani kwao ili aone zinavyofanya kazi. Mama yake alipogundua, alimruhusu kuendelea na moja tu.

Alihitimu katika Chuo cha Vassar mwaka 1928, kisha akasoma Chuo Kikuu cha Yale alikopata shahada ya uzamili mwaka 1930 na ya uzamivu katika hisabati mwaka 1934. Tangu mwaka 1931 alifundisha Vassar. Aliolewa na Vincent Foster Hopper mwaka 1930. Waliachana mwaka 1945, naye akaendelea kutumia jina la mumewe.

Harvard

Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alijiunga na akiba ya wanawake ya Jeshi la Wanamaji, ingawa ilibidi apewe ruhusa maalumu kwa sababu uzito wake ulikuwa chini ya kiwango. Mwaka 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard kuandika programu za kompyuta ya Mark I, chini ya Howard Aiken.

Huko aliona tatizo lililoongoza kazi zake zote za baadaye. Waandishi wa programu waliweka kwenye madaftari vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa, na kila walipovihitaji walivinakili upya kwa mkono. Makosa mengi yalitokana na kunakili huko.

Hopper anatajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyevumbua neno la Kiingereza linalofananisha kosa la programu na mdudu, kwa sababu ya nondo aliyekutwa ndani ya kompyuta ya Mark II mwaka 1947. Kwa kweli mafundi walikuwa wakilitumia neno hilo tangu karne ya 19, na si yeye aliyemkuta nondo huyo. Alipenda tu kusimulia kisa hicho.

Kutoka A-0 hadi COBOL

Mwaka 1949 alihamia kampuni ya Eckert–Mauchly, iliyokuwa ikiunda kompyuta ya UNIVAC I. Mwaka 1952 alikamilisha programu ya A-0. Vipande vya programu viliwekwa kwenye utepe wa sumaku, kila kimoja na namba yake. Mwandishi alitaja namba, na kompyuta yenyewe ikavitafuta na kuviunganisha. Kwa kipimo cha leo A-0 haikuwa kompaila kamili, lakini utepe ule ni mmojawapo wa mababu wa maktaba sanifu, yaani mkusanyo wa zana zinazokuja pamoja na lugha ya programu.

Hatua kubwa zaidi ilikuwa FLOW-MATIC, lugha ya shughuli za biashara aliyoitengeneza na timu yake miaka ya 1950. Iliandikwa kwa maneno ya Kiingereza, na ilitenganisha maelezo ya data na amri za programu. Awali mpangilio wa faili ulifichwa ndani ya amri zenyewe. Tuseme faili ya kaya ina nafasi 20 za jina na 4 za mwaka wa kuzaliwa: ikiwa nafasi za jina zitaongezwa kuwa 30, amri zote zinazogusa faili hiyo hazina budi kurekebishwa. Maelezo yakikaa mahali pamoja, hurekebishwa mara moja tu.

Mwezi Mei 1959 wawakilishi wa serikali na makampuni ya kompyuta walikutana Pentagon kupanga lugha moja ya pamoja. Mkutano huo ulitokana na wito wa Mary Hawes. COBOL iliyopatikana iliandikwa na kamati, ambayo Hopper alikuwa mshauri wake. Hivyo kumwita mama wa COBOL ni heshima zaidi kuliko historia. Hata hivyo, lugha hiyo ilichota mengi kutoka FLOW-MATIC, ikiwa na sehemu nzima ya kueleza muundo wa data. Mwezi Desemba 1960 programu ileile ilifanya kazi kwenye kompyuta za RCA na za Remington Rand.

Jeshini tena

Alistaafishwa jeshini mwaka 1966 na kuitwa tena mwaka 1967. Kila kampuni ilikuwa na COBOL yenye tofauti ndogondogo, naye akasimamia utengenezaji wa programu za kupima kama kompaila zinafuata kiwango cha pamoja. Alistaafu mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 79 na cheo cha admirali wa ngazi ya chini. Alizikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington. Mwaka 2016 alitunukiwa Nishani ya Rais ya Uhuru.

Athari zake

Tatizo aliloshughulikia linaonekana popote rekodi zinapotakiwa kudumu kuliko programu iliyoziandika. Mfano wa Tanzania ni ufuatiliaji wa afya na idadi ya watu ulioanza mwaka 1998 katika Wilaya ya Rufiji, ambayo wakati huo ilijumuisha delta ambayo kupitia kwake mto Rufiji huingia Bahari ya Hindi. Wadodosaji walitembelea kaya za kata kama Bungu, Kibiti na Ikwiriri kila baada ya miezi minne, wakiandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Kibiti baadaye ikawa wilaya yake yenyewe. Kifo cha mtoto kilichoandikwa mwaka 1999 hakina faida kwa mtafiti wa leo asipoweza kujua ni safu ipi yenye tarehe na ipi yenye sababu ya kifo.

Lugha nyingi za sasa huja na zana za kusoma maumbizo ya kawaida ya faili. Python ina moduli ya CSV tangu toleo la 2.3 la mwaka 2003, na ya JSON tangu toleo la 2.6 la mwaka 2008. Faili ya CSV, hata hivyo, haisemi yenyewe kama 03/04 ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi. Maelezo hayo bado huandikwa na mtu.