Mwana Kupona na Wasomi wa Mitaa Yetu

Mwalimu wa Kibera au Kawangware akiulizwa amtaje mwanamke aliyeiandikia Nairobi, aghalabu atamtaja Marjorie Oludhe Macgoye, aliyefariki mwaka 2015, na riwaya yake ya 1986, Coming to Birth. Ni jibu la haki. Hata hivyo, lugha wanayosalimiana nayo wafanyakazi waendao viwandani kwa miguu alfajiri ilikuwa na mwandishi wake mwanamke kabla reli haijaufikia uwanda huu mwaka 1899.

Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Sultani wa Zanzibar. Mumewe alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mjane huyo akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utenzi wa beti mia moja na mbili. Hakuishi miaka mingi baada ya hapo.

Madarasani utenzi huu hufundishwa kama somo la utiifu kwa mume, na wanafunzi wa kike huuchukia kabla hawajaufikia ubeti wa kumi. Siwalaumu. Isitoshe, mama huyu alikuwa wa tabaka la juu, na pale anapomwonya binti asichangamane na watumwa ila kwa kazi, msomaji aliyelelewa katika nyumba ya mabati ana haki ya kukunja uso. Lakini tusisahau jambo ambalo mitihani hulipita upesi: mgonjwa huyu aliagiza wino na karatasi, akaweka jina lake na mwaka ndani ya kazi yake, kisha akawataka wanawake wenzake waisome. Hakuomba ruhusa ya mtu.

Utenzi ulinakiliwa kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, ukatunzwa majumbani. Alice Werner na William Hichens waliuchapisha kama kitabu mwaka 1934, zaidi ya miaka sabini tangu utungwe. Muda huo wote haukuwa na mlinzi ila watu waliouona una thamani.

Sasa tutazame kwetu. Msichana wa Kawangware huandika shairi, mwalimu hulitia alama nyekundu, muhula huisha, na daftari huuzwa kwa uzito. Kurasa zake huonekana tena kando ya barabara, zimefungiwa njugu.