Malkia Eleni: alipanda, wakavuna wengine



Tukitajiwa malkia wa Afrika ya kale, wengi wetu tunakimbilia Misri kwa Cleopatra. Leo naomba tuufuate mto Nile mpaka Ethiopia, tukutane na Eleni. Huyu mama ndiye ananitia moyo pale utume unapoonekana hauzai kitu.

Eleni alizaliwa Hadiya, binti wa mtawala Mwislamu. Katika karne ya 15 akaolewa kwenye nyumba ya kifalme ya Ethiopia, akabatizwa. Hakujaliwa mtoto. Huku kwetu tunajua mwanamke asiye na mtoto anavyosemwa! Lakini Eleni aliheshimiwa ikulu kama mama wa wote, kwa sababu ya busara yake na imani yake. Kule Gojjam alijenga kanisa la Martula Maryam, kwa heshima ya Mama Maria.

Mwaka 1508 mfalme Naod alifariki, na kiti kikaenda kwa Lebna Dengel, mtoto wa miaka kama 12 hivi. Eleni, wakati huo mzee kabisa, akashika uongozi kwa niaba yake. Alipenda kuelewana na majirani wa Adal, ila aliona pia kwamba vita vikubwa vinakuja na nchi yake iko peke yake. Akamtuma mfanyabiashara aitwaye Mathayo kwa mfalme Manuel wa Ureno, na barua ya kuomba urafiki na msaada. Mathayo alipita India, njiani wakamshuku na kumsumbua, akafika Lisbon mwaka 1514. Ujumbe wa Wareno ulitia nanga Massawa mwaka 1520. Lebna Dengel alikuwa ameshakua, ameshinda vita, haoni tena haja ya msaada. Miaka kama 2 baadaye Eleni akafariki. Yaani kwa macho ya watu, kazi bure.

Kumbe bado. Mwaka 1529 jeshi la Adal liliishinda Ethiopia, makanisa mengi yakachomwa. Mwaka 1541 wakafika Wareno 400 wenye bunduki, na mwaka 1543 ufalme ukaokoka. Njia waliyopita ilifunguliwa na yule bibi.

Eleni alikuwa wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, wala hayumo kwenye orodha ya watakatifu wetu. Bado ni dada yetu katika ubatizo. Sisi wa Isaka tunamwelewa haraka: kijana anayepakia mzigo kwenye lori pale bandari kavu haoni unavyoshushwa Kigali, lakini akipakia vibaya, huko haufiki salama.

Kama unafundisha watoto katekisimu na hawatulii, au unamwombea kaka aliyeacha Kanisa, usiache. Yesu katika Yohane 4 anatukumbusha kuwa mpanzi na mvunaji watafurahi pamoja. Wiki hii chagua kazi 1 uliyoikatia tamaa, uirudie, ukiianza kwa Salamu Maria 1.

Mama Maria, utuombee.