THOMAS LINCOLN: MKULIMA ALIYETAFUTWA KATIKA MAKARATASI

Kisa changu kinaanzia kwenye mdahalo. Chama chetu cha Kiswahili kilikuwa kikijadili hoja kwamba mtoto hufuata nyayo za wazazi wake, nami nilikuwa upande wa upinzani. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikakohoa kidogo kama wanavyofanya waheshimiwa, nikamtaja Abraham Lincoln, Rais wa 16 wa Marekani, aliyetangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi mnamo Januari 1863. Nikasema baba yake alikuwa mvivu wa porini asiye mbele wala nyuma, na kwamba hata haijulikani kama alimwoa mama yake. Makofi yakalia pa! pa! pa! Upande wetu ukashinda.

Baada ya mkutano mwalimu mlezi wa chama aliniita kando akaniuliza maneno yale nimeyatoa wapi. Nikajikuna kichwa. Nilikuwa nimeyasikia tu mahali, nikayabeba kama yalivyo. Mwalimu hakunigombeza. Aliniambia tu niende nikatafute, kisha nije niwaeleze wenzangu nilichopata.

Sasa hapa lazima nikiri jambo. Mimi ndiye mtu wa mwisho aliyefaa kusema vile juu ya wazazi wa mtu. Cheti changu cha kuzaliwa, pale panapotakiwa jina la baba, pamepigwa alama za X mfululizo. Nilipokuwa darasa la nane, aliyekuwa akiandika majina ya watahiniwa alikiinua cheti hicho akauliza kwa sauti, mbele ya darasa zima, hizi X ni za nini. Siku hiyo nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na bado, msomaji, nilisimama kwenye mdahalo nikamfanyia marehemu wa watu jambo lile lile. Basi nikaanza kumtafuta huyu mzee Thomas.

Thomas Lincoln alizaliwa Januari 1778 katika Kaunti ya Rockingham, Virginia. Baba yake, naye akiitwa Abraham, alikuwa kapteni wa wanamgambo. Huyu Kapteni aliuza shamba lake akavuka milima na jamaa yake mpaka Kentucky, iliyokuwa mpaka wa makazi ya wazungu wakati huo. Alijiandikishia zaidi ya ekari 5,000. Ekari elfu tano! Kwetu hata lokesheni nzima haifiki hapo. Lakini ardhi hiyo haikuwa tupu. Wenyeji wa asili walikuwa wakiwinda huko tangu zama za mababu zao, nao hawakuuliza ruhusa ya karani yeyote kabla ya kuitetea. Mnamo Mei 1786 Kapteni Abraham alikuwa shambani na wanawe watatu walipovamiwa, akapigwa risasi akafa papo hapo. Josiah, wa pili, akatimua mbio kuita msaada ngomeni. Mordecai, kifungua mimba, akakimbilia nyumbani akachukua bunduki. Thomas, mtoto wa miaka minane tu, alibaki karibu na maiti ya babake, na mmoja wa washambulizi akamwendea. Mordecai alimlenga mtu huyo kutoka ndani ya nyumba akamwangusha. Hivyo ndivyo Thomas alivyopona.

Kisha likaja pigo ambalo halikuwa la risasi. Kapteni hakuacha wosia. Kentucky ilikuwa bado sehemu ya Virginia, na kwa sheria ya zamani mtu akifa bila wosia ardhi yote ilikuwa ya mwanawe wa kwanza. Virginia ilikuwa imekwisha kuifuta sheria hiyo mwaka wa 1785, lakini sheria mpya ilikuwa ianze kazi Januari 1787. Hebu hesabu mwenyewe: Mei 1786 hadi Januari 1787. Miezi minane! Kama mzee angeishi miezi minane zaidi, Thomas angepata fungu lake. Mordecai akawa mtu wa mali, naye Thomas akakua akifanya vibarua vya mashambani hapa na pale, na baadaye akajifunza useremala. Wanaosema alizaliwa fukara kwa sababu ya uvivu wa ukoo wao hawajatazama kalenda.

Tena nimegundua kwamba baba yake mdogo aliitwa Thomas Lincoln vile vile, akaishi Kaunti ya Fayette huko huko Kentucky, na alikuwa na kesi na mkewe kortini. Ukitafuta jina tu bila kutazama kaunti, unaweza kumtwika mwana mzigo wa ami yake.

Je, Thomas wetu alikuwa mvivu? Aliyeshughulika na swali hili kuliko wengi ni Louis Warren, mhubiri aliyeishi Hodgenville, karibu kabisa na mahali alipozaliwa Rais. Huyu bwana alizunguka korti za Kentucky akifukua majalada yenye vumbi, kisha akatoa kitabu mwaka wa 1926. Alichokikuta ni mtu wa kawaida mwenye heshima zake. Mwaka wa 1803, akiwa na miaka 25, Thomas alinunua shamba la ekari 238 huko Mill Creek, Kaunti ya Hardin, kwa pauni 118. Jina lake limo katika daftari za kodi pamoja na farasi wake. Alikaa kwenye baraza la wazee wa korti. Alipewa kazi ya kulinda wafungwa. Mwaka wa 1816 korti ilimteua msimamizi wa kipande cha barabara. Mvivu hapewi barabara aiangalie. Hata daftari ya duka moja la Elizabethtown inaonyesha alinunua vitambaa na vifungo mwaka wa 1806, na sababu utaiona sasa hivi.

Mwaka huo alioa. Na hapa ndipo palipokuwa na fitina yote.

Baada ya mwanawe kuwa maarufu, watu walikwenda korti ya Elizabethtown, Kaunti ya Hardin, alikokuwa akikaa Thomas, kutafuta ndoa yake. Walikuta ndoa moja tu: Thomas Lincoln na Sarah Bush Johnston, Desemba 1819. Abraham alizaliwa tarehe 12 Februari 1809. Toa 1809 kwa 1819 uone. Basi maneno yakaenea kama moto wa nyika kwamba Rais alizaliwa nje ya ndoa. Hata karani wa Elizabethtown, Samuel Haycraft, alipomwandikia Lincoln mwaka wa 1860 alidhani mama yake mzazi ndiye huyo Sarah. Lincoln alimjibu kwa upole kwamba Sarah alikuwa mke wa pili, na kwamba mamake aliitwa Nancy Hanks.

Mtu akipinga kwa mdomo na mwenzake anashika karatasi, nani ataaminiwa? Lincoln aliuawa Aprili 1865 na karatasi ile haijaonekana.

Ilionekana mwaka wa 1878. Karani wa Kaunti ya Washington, W. F. Booker, aliikuta katika korti ya mji wa Springfield, Kentucky. (Springfield hii si ile ya Illinois alikozikwa Rais. Mimi mwenyewe nilichanganya mara mbili.) Ilikuwa hati ya dhamana ya ndoa ya tarehe 10 Juni 1806. Siku hizo bwana arusi alitia sahihi pamoja na mdhamini kwamba hakuna kizuizi chochote cha ndoa, na kama kikipatikana watalipa pauni 50. Thomas alitia sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Mdhamini alikuwa Richard Berry, mlezi wa Nancy, ambaye alilikosea neno la mlezi kwa lugha yao, likasomeka kama bustani! Nilicheka peke yangu maktabani mpaka nikatolewa jicho. Tena ikapatikana orodha ya mhubiri Jesse Head, ya ndoa alizofungisha, na humo wamo Thomas na Nancy, tarehe 12 Juni 1806. Binti yao wa kwanza, Sarah, alizaliwa Februari 1807, na Abraham miaka miwili baadaye.

Mbona basi hawakuiona miaka yote hiyo? Jibu ni rahisi hata linaudhi. Arusi ilifanyika kwa kina bibi arusi. Thomas aliishi Hardin, lakini Nancy alikuwa akilelewa kwa kina Berry katika Kaunti ya Washington, na karatasi ikabaki huko. Kama watafutaji wangemwuliza nyanya yeyote wa kwetu arusi hufanyiwa wapi, angewaambia siku hiyo hiyo.

Turudi kwa mashamba, maana mzee huyu aliteswa na mashamba. Kentucky haikupimwa vizuri. Mtu alianza mpaka kwenye mti fulani, akafuata kijito, akafika kwenye jiwe. Mwingine naye akaja akaandikisha juu yake. Lile shamba la Mill Creek la ekari 238, alipoliuza lilihesabiwa 200 tu. Mwisho wa 1808 alinunua lingine, Sinking Spring, kwa dola 200, na ndiko alikozaliwa Abraham. Mpaka wake ulianzia kwenye mwaloni mkubwa mweupe. Mwaloni huo uliishi hadi 1976, karne nzima na zaidi baada ya wenye kesi wote kufa, lakini haukumsaidia Thomas. Hati ilikuwa na kasoro, kesi ikaenda kortini, shamba likapotea. Mwaka wa 1811 wakahamia Knob Creek. Huko nako yeye na majirani zake wakashtakiwa na warithi wa mtu wa mbali waliodai ardhi ni yao. Mashamba matatu, na matatu yote yana matata! Babu yangu ana kesi moja tu ya mpaka na inamkosesha usingizi.

Desemba 1816 Thomas aliamua imetosha. Alivuka mto Ohio na Nancy na watoto wawili (wa tatu, Thomas mdogo, alikuwa amefariki akiwa mchanga) wakaingia Indiana, jimbo lililokuwa limezaliwa mwezi huo huo. Mwanawe alieleza baadaye kwamba walihama kwa sababu ya utumwa kwa kiasi fulani, lakini zaidi kwa sababu ya hati za mashamba. Indiana serikali ilikuwa imepima ardhi kwa vipande vya mraba, hakuna habari ya miti. Oktoba 1817 Thomas alikwenda Vincennes akajiandikishia ekari 160 kwa dola mbili kila ekari. Alishindwa kulipa zote, akabakia na 80, lakini hizo 80 zikawa zake kabisa mwaka wa 1827.

Nancy hakuziona. Alifariki tarehe 5 Oktoba 1818 kwa maradhi ya maziwa, ambayo hutokana na kunywa maziwa ya ng'ombe aliyekula mmea wenye sumu. Mwaka uliofuata Thomas alirudi Elizabethtown akamwoa Sarah, mjane mwenye watoto watatu, na ndiyo ile ndoa iliyokutwa na watafutaji. Sarah aliwalea watoto wa Nancy kama wake.

Kuhusu ukoo wa kina Lincoln, wachunguzi wamefika mbali. Wamemfuata baba kwa baba hadi kwa Samuel Lincoln, aliyetoka Hingham, Uingereza, akafika Massachusetts mwaka wa 1637. Rais mwenyewe hakujua hayo yote. Mwaka wa 1848 aliandika barua kwa akina Lincoln wengine akiuliza, na miongoni mwa machache aliyokuwa nayo mkononi ni jina la babu na kaunti ya Virginia.

Lakini upande wa Nancy? Mama yake alikuwa Lucy Hanks. Uchunguzi wa vinasaba vya ukoo wa upande wa mama uliokamilika mwaka wa 2015 ulithibitisha hilo. Baba yake hajaandikwa popote. Hakuna hati, hakuna daftari, hakuna karani aliyemkuta. Kwenye mti wa ukoo wa Rais Lincoln, nafasi hiyo iko wazi. Nilipofika hapo nilifunga daftari nikakaa kimya kitambo.

Uzeeni Thomas alihamia Illinois, mwaka wa 1830. Mambo hayakumwendea vizuri. Hati ya Oktoba 1841 inaonyesha mwanawe, ambaye sasa alikuwa wakili, alimnunulia ekari 40 za shamba lake kwa dola 200 na kumwacha azitumie maisha yake yote yeye na mkewe. Kwa hivyo alimsaidia. Hata hivyo hawakuwa wakipatana sana. Thomas alipokuwa mahututi mwana hakwenda, na alipofariki tarehe 17 Januari 1851 hakuwepo mazikoni. Mkewe alikuwa amejifungua karibuni na alikuwa hajiwezi, lakini mimi sidhani hiyo ndiyo sababu yote. Karatasi za korti hazisemi baba na mwana walikosana wapi.

Katika mkutano uliofuata niliomba nafasi nikayasema haya yote. Hakuna aliyepiga makofi, ila mmoja aliuliza kama upande wetu sasa utanyang'anywa ushindi. Mwenyekiti alisema matokeo hayabadilishwi.

Jioni ile nilimwuliza mama jambo ambalo sikuwahi kumwuliza. Alikuwa akichambua mboga, akaendelea kuchambua kwa muda, kisha akaniambia jina, na kijiji, na mwaka. Nimeyaandika kwa wino katika jalada la ndani la daftari langu la Historia.