Alfred Nier, msakaji wa atomi adimu

MNAMO Februari 29, 1940, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alibandika vipande vidogo vya metali kwenye ukingo wa barua, akaituma New York kwa ndege. Vipande hivyo vilibeba uraniamu-235 kidogo mno, isiyoonekana kwa macho. Mwezi Machi, John Dunning na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walithibitisha kwamba ni aina hiyo adimu, wala si uraniamu-238 iliyo tele, inayopasuka ikigongwa na nyutroni za mwendo wa pole.

Aliyetuma barua hiyo ni Alfred Nier, aliyezaliwa Mei 28, 1911 mjini St Paul, mwana wa wahamiaji wa Kijerumani. Alihitimu uhandisi wa umeme 1931 wakati ajira zilikuwa haba, akarejea darasani kusomea fizikia.

Uhandisi huo haukupotea bure. Spektromita ya masi huzipa atomi chaji ya umeme na kuzipitisha kwenye sumaku. Zilizo nyepesi hupinda zaidi, mithili ya matatu tupu inayokata kona kwa urahisi kuliko iliyosheheni abiria. Taabu ni kwamba atomi adimu humezwa na jirani zake walio wengi. Ilijulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba potasiamu hutoa mionzi, ila haikujulikana ni atomi ipi inayoitoa. Mwaka 1935 Nier, angali mwanafunzi, aliunda mtambo makini zaidi, akaigundua potasiamu-40: atomi moja kwa kila 8,600 hivi za potasiamu-39.

Atomi hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni ndani ya miamba, na kwa njia hiyo umri wa mwamba hupimika. Fuvu ambalo Mary Leakey alipata Olduvai, Tanganyika, 1959 lilikisiwa na mumewe, Louis, kuwa la miaka 600,000. Mwaka 1961 vipimo vya majivu ya volkano ya hapo vilionyesha miaka milioni 1.75.

Uraniamu nayo ilifuata njia nyingine. Wakati wa vita Nier alibuni mitambo iliyosaidia kuitenga kwa wingi, na Agosti 6, 1945 bomu la uraniamu-235 liliteketeza Hiroshima.

Mwaka 1976 spektromita zake zilipima hewa ya juu ya sayari ya Mars, zikiwa kwenye vyombo vya Viking. Nier alifariki Mei 16, 1994, akiwa na umri wa miaka 82.