Alberto Santos-Dumont na Bawa la Mianzi

Watu wakiulizwa habari za eropleni za kwanza huwataja wale ndugu wawili Wright wa Marekani, na ni haki yao. Mimi napenda kuwasimulia wasomaji habari za bwana mwingine, mfupi na mwembamba, ambaye hapa kwetu hatajwi sana.

Alberto Santos-Dumont alizaliwa nchini Brazil tarehe 20 Julai 1873. Baba yake alikuwa na shamba kubwa la kahawa, na kijana alijifunza ufundi katika mashine za kahawa na gari-moshi la shambani. Baadaye akaenda Paris. Tarehe 19 Oktoba 1901 aliuzunguka mnara wa Eiffel kwa puto lenye injini, na fedha za zawadi akawagawia maskini na mafundi wake. Tarehe 12 Novemba 1906 aliruka mita 220 kwa eropleni, mbele ya watu wengi.

Walakini kazi yake niipendayo zaidi ni eropleni ndogo iitwayo Demoiselle, aliyoianza mwaka 1907 na kuitengeneza vizuri mwaka 1909. Kwa Kifaransa jina hilo ni binti, tena ni mdudu wa jamii ya kereng'ende. Mwili wake ulikuwa wa mianzi. Bawa, lenye upana wa mita 5 hivi toka ncha hata ncha, lilikuwa na boriti mbili za mbao, mbavu za mianzi, na hariri juu na chini. Rubani aliketi chini ya bawa, katikati ya magurudumu.

Bwana huyu hakutaka haki ya kuiuza peke yake. Ramani zake aliziacha wazi, na mwaka 1910 gazeti la Marekani, Popular Mechanics, lilizichapa ili ye yote mwenye mikono ajijengee.

Lakini kuwa na ramani si kuwa na bawa. Ukiitazama ramani kwa juu, bawa ni kama mkeka uliotandikwa. Mchoro wa ubavuni ndio unaokuonyesha kwamba lina mgongo, na mgongo huo ndio unaoinua chombo. Hapana budi fundi achore ubavu mmoja kwa ukubwa wake wa kweli juu ya ubao, agongomee vijiti, na mianzi yote aipinde humo humo. Mbavu zikitofautiana, upande mmoja utainuka kuliko wa pili. Tena upande wa kuume na wa kushoto ni kama viganja vya mikono: asiyefikiri aweza kuunda mabawa mawili ya kushoto! Na mstari wa ramani umenyooka, bali mwanzi una vifundo, nao ni mwembamba upande wa juu.

Liko jambo jingine ambalo mimi naliona kubwa. Kamba za kupinda bawa zilifungwa kwenye wenzo ulioshikamana na koti la rubani mgongoni, naye aliinama upande huu au huu ili chombo kikae sawa. Basi fundi aliyeongeza mbao ili bawa lisipindike kabisa, akidhani analitia nguvu, alimnyang'anya rubani usukani wake. Na Santos-Dumont mwenyewe alikuwa na uzito wa kilo 50 tu. Mtu wa kilo 80 asingeweza kuvifuata vipimo vile vile bila kupiga hesabu upya.

Mwaka 1910 aliugua akaacha kuruka. Vita vilipoanza mwaka 1914, huko Ufaransa alishukiwa kuwa mpelelezi wa Wajerumani, naye kwa uchungu akazichoma karatasi zake. Ramani za Demoiselle zilisalimika, kwa kuwa zilikwisha kuwa mikononi mwa watu.

Alirudi Brazil. Eropleni zilipotumiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1932, alihuzunika mno, na tarehe 23 Julai mwaka ule alijitoa uhai mjini Guarujá. Alikuwa na miaka 59.