Béla Guttmann: Mgeni Aliyeponya Wenyeji

Hapa shuleni kila mtu ni kocha, hasa timu yetu ikifungwa. Leo nataka niwasimulie kocha wa kweli, marehemu Béla Guttmann. Wengi wanaomjua wanajua ile laana tu. Mimi nasema laana ni mkia. Ng'ombe mzima ni maisha yake.

Alizaliwa mwaka wa 1899 mjini Budapest, Hungaria, katika familia ya Kiyahudi. Wazazi wake walikuwa walimu wa dansi, naye akahitimu kuifundisha angali kijana. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye gozi. Aliichezea MTK na kutwaa nayo ubingwa wa nchi. Chuki dhidi ya Wayahudi ilipopamba moto, akafunga virago mwaka wa 1922 na kwenda Vienna, Austria. Huko alijiunga na Hakoah, timu ya Wayahudi, iliyokuwa bingwa mwaka wa 1925. Mwaka uliofuata timu ilizuru Marekani, naye akabaki New York kusakata kabumbu. Pesa alizipata, ila soko la hisa lilipoanguka mwaka wa 1929, akiba yake ilikwenda na maji.

Baadaye akawa kocha. Mwaka wa 1939, chini yake, Újpest ya Budapest ilishinda ligi na pia Kombe la Mitropa, lililoshindaniwa na vilabu vya Ulaya ya Kati. Jamani, mtu kama huyo si angebebwa mabegani? Wapi! Vita vikaja. Alijificha darini, kisha akatiwa katika kambi ya kazi za lazima. Mwishoni mwa 1944 alitoroka na wenzake wachache, akiwemo kocha Ernő Erbstein. Baba yake na dada yake hawakunusurika; waliuawa na Wanazi.

Nikifika hapa huwa natua kidogo. Nani angemlaumu kama angekaa kitako akalia maisha yake yote? Guttmann alirudi uwanjani. Kule Romania alikubali kulipwa kwa chakula, maana njaa ilikuwa nyingi. Huko Italia, Milan ilimfuta kazi mwaka wa 1955 ikiwa inaongoza ligi! Hakukata tamaa. Mwaka wa 1957 aliipa São Paulo ya Brazil ubingwa wa jimbo, na mwaka wa 1959 akaipa Porto ubingwa wa Ureno. Kisha akahamia kwa mahasimu wao, Benfica ya Lisbon.

Inasimuliwa kwamba akiwa kwa kinyozi mjini Lisbon, alikutana na Bauer, mwanasoka wa Brazil, akamweleza habari za kijana hatari aliyemwona Msumbiji. Kijana huyo alikuwa Eusébio. Mwaka wa 1961, kabla Eusébio hajaanza kucheza kombe hilo, Benfica iliilaza Barcelona 3-2 na kuchukua Kombe la Ulaya. Mwaka wa 1962 ilikabiliana na Real Madrid mjini Amsterdam. Puskás alifunga mabao matatu, Benfica ikaenda mapumzikoni ikiwa nyuma 3-2. Kipindi cha pili Eusébio alifunga mawili, mambo yakaisha 5-3.

Guttmann akaomba nyongeza. Wakuu wa klabu wakakataa. Mkono mtupu haulambwi, basi akaondoka. Inasemekana alitamka kwamba kwa miaka 100 Benfica haitatwaa tena kombe la Ulaya. Kuanzia 1963 hadi 2014 ilifika fainali 8 za Ulaya na kushindwa zote. Hata inasimuliwa kuwa Eusébio aliomba dua kaburini kwake Vienna kabla ya fainali ya 1990. Wapi! Milan ilishinda 1-0.

Mimi siamini laana. Naamini kwamba asiyethamini mfanyakazi hodari humpoteza, na kumpata mwingine kama yeye ni kazi. Guttmann alifariki mwaka wa 1981 mjini Vienna, baada ya kuhama nchi hadi nchi. Wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa hiyo, wanachama wenzangu, akija mwanafunzi mgeni kutoka mbali, tusianze kumuuliza yeye ni kabila gani. Tumpe mpira kwanza.