Maisha ya Dakta Louis Leakey, Aliyesomea Nje

Jina la Leakey wengi wetu tulikutana nalo katika kitabu cha historia, tukalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha tukalisahau. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Lakini nilipoyafuatilia maisha yake niligundua kwamba sehemu kubwa ya ujuzi wake hakuipata mbele ya ubao.

Louis Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, wazazi wake wakiwa wamisionari kutoka Uingereza. Alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akasema lugha yao kama wao, akajifunza kutega na kunyatia wanyama, na hata akatiwa jandoni na wenzake wa rika. Alipokuwa na miaka 13 hivi, alisoma kitabu kuhusu watu wa kale wa Ulaya waliotengeneza zana kwa jiwe la gumegume. Basi kijana akatoka mbio kwenda kuyatafuta. Kumbe kwao Kabete gumegume hakuna! Alichookota ni vipande vya jiwe jeusi la volkano, linalong'aa kama chupa iliyovunjika. Hakuvitupa. Alivipeleka kwa Arthur Loveridge, mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, naye akamthibitishia kuwa baadhi yake ni zana za kweli za watu wa kale.

Alipelekwa Uingereza kusoma akiwa na miaka 16, umri wangu mimi, na huko shuleni hakuona raha hata kidogo. Hata hivyo alijikaza, na mwaka wa 1922 akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka uliofuata aliumizwa kichwa katika mchezo wa raga, akawa anaumwa na kichwa kila mara hata daktari akamwamuru aache vitabu kwa muda. Mwingine angelia. Leakey yeye alikwenda Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, mwaka wa 1924, kuchimba mifupa ya dinosaria. Huko ndiko alikojifunza jinsi ya kuitoa mifupa ya kale ardhini bila kuivunja. Alirudi Cambridge akamaliza masomo yake mwaka wa 1926, tena kwa alama za juu.

Sasa tazameni lile jiwe jeusi la Kabete lilivyomfaa. Profesa mmoja Mjerumani, Hans Reck, alikuwa amefika Korongo la Olduvai mwaka wa 1913 na hakuona zana yoyote, kwa kuwa alikuwa akitafuta gumegume. Mwaka wa 1931 walikwenda wote wawili. Leakey aliweka dau kwamba ataziona kabla ya saa 24 kwisha, na akashinda! Alijua tangu utotoni kuwa watu wa kale wa huku walitumia mawe waliyokuwa nayo.

Lakini si kwamba hakukosea. Mwaka wa 1932 alitangaza taya la kale lililopatikana Kanam, karibu na Ziwa Viktoria. Mtaalamu Percy Boswell alipokuja kukagua mwaka wa 1935, Leakey alishindwa kumwonyesha mahali penyewe. Vyuma alivyovipiga kuwa alama vilikuwa vimeng'olewa, na picha aliyokuwa nayo ilikuwa ya mahali pengine. Aliaibika vibaya sana, na sifa yake ikachafuka kwa miaka mingi.

Vilevile, kusema kweli, wako Wakenya wasiomkumbuka kwa mema, maana wakati wa Mau Mau alisimama upande wa serikali ya kikoloni.

Fuvu maarufu la Olduvai la mwaka wa 1959, lenye umri wa miaka kama milioni 1.75, liligunduliwa na mkewe Mary siku ambayo Leakey mwenyewe alikuwa amelala kambini mgonjwa. Mary hakuwa na shahada. Utotoni alifukuzwa shule mara mbili! Na mwaka wa 1960 Leakey alimtuma Jane Goodall, msichana ambaye hakuwa amesoma chuo kikuu, kwenda Gombe kuwachunguza sokwe. Wataalamu wengi walishangaa.

Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Ukifika Makumbusho ya Nairobi utaiona sanamu yake nje, ameketi, ameshika jiwe mkononi.